Betri Kubwa kwa Baiskeli ya Umeme: Tufikiri Kabla ya Kununua



Baiskeli za umeme zimeanza kuonekana vijijini, na vikundi vingine vinachanga pesa ili vipate moja ya kubebea maji, maziwa au mboga. Lakini hapa Kona Baridi barabara ya Magadi ni ya kupanda na kushuka, na upepo ni mkali. Baiskeli inayokwenda vizuri kwenye tambarare ya Kitengela, huku kwetu huchoka. Basi wanakikundi huambiwa: "Toeni betri ya volti 36, wekeni ya 48, mtaona vile itapanda." Je, tufuate ushauri huo?

Volti na ampea ni nini?

Fikirieni tangi la maji. Likiinuliwa juu, maji hushuka kwa msukumo mkubwa. Msukumo huo ni kama volti. Wingi wa maji yanayopita kwenye bomba ni kama ampea. Ukizidisha volti kwa ampea unapata wati, yaani nguvu yenyewe. Volti 36 mara ampea 15 ni wati 540. Volti 48 mara ampea 15 ni wati 720.

Kwa hiyo ni kweli, nguvu inaongezeka. Kwenye tambarare, baiskeli ya kilomita 25 kwa saa inaweza kukaribia 33, kama upepo hauizuii. Lakini mlimani, na mitungi ya maji nyuma, mota huzunguka polepole. Hapo umeme mwingi hugeuka kuwa joto. Ampea zikiongezeka mara mbili ndani ya waya za mota, joto huongezeka mara nne. Waya ni zilezile, na zikiungua hazirudi.

Hatari isiyoonekana

Kati ya betri na mota kuna kisanduku kiitwacho kontrola. Hicho ndicho hupima umeme unaokwenda kwenye mota, na mara nyingi ndicho huharibika kwanza.

Nambari 48 kwenye betri ni jina tu. Betri ya lithiamu ya 48 kwa kawaida ina seli 13 mfululizo. Ikijaa, kila seli huwa na volti 4.2, jumla 54.6. Ile ya 36 ina seli 10, nayo ikijaa ni volti 42. Sasa, ndani ya kontrola kuna vikopo vidogo viitwavyo kapasita. Vikiwa vimeandikwa volti 50, betri ya 48 iliyojaa imeshavipita. Vinaweza kupasuka siku hiyo hiyo.

Tena, kontrola ya 36 huzima betri ikishuka hadi karibu volti 30. Betri ya 48 inafaa kuzimwa mapema zaidi, karibu volti 40. Kontrola hiyo haitailinda.

Hatua za kufuata

1. Someni maandishi ya kontrola. Kama imeandikwa 36 pekee, msiunganishe betri ya 48. Nunueni kontrola inayofaa, au muache.

2. Kila betri na chaja yake. Chaja ya 48 kwenye betri ya 36 inaweza kuleta moto. Msichaji betri pale watoto wanapolala.

3. Msiongeze betri kuukuu ya volti 12 juu ya ile iliyopo. Iliyo dhaifu huisha kwanza na kuharibika.

4. Angalieni breki. Kutoka kilomita 25 hadi 33 kwa saa, breki huwa na kazi karibu mara moja na robo tatu.

5. Mkipanda mlima, saidieni kwa miguu. Mota ikiwa moto hata haigusiki, simameni ipoe.

Kama shida yenu ni umbali, tafuteni betri ya volti zilezile lakini yenye ampea-saa nyingi zaidi. Kama shida ni mlima na mzigo, ulizeni mota inayovuta kupitia mnyororo na gia za baiskeli. Hiyo hubadilisha gia kama sisi tunavyofanya tukipanda. Betri, kontrola, mota na chaja ni familia moja. Ukibadilisha mmoja, wengine lazima waulizwe.

Maswali ya kujadiliana

- Kikundi chetu kinataka mbio, umbali, au kubeba mzigo?
- Gharama ya kontrola, chaja na breki tumeihesabu, au tumehesabu betri tu?
- Mota ikiungua, ni nani atalipa? Je, tumeandika hivyo katika kitabu cha mikutano?

Msipitishe ununuzi kabla ya kujibu swali hilo la mwisho. Pesa za kikundi ni jasho la watu wengi.