Mawe ya Nyumbani

Watu wengi hudhani ya kuwa furaha hukaa mbali, katika nyumba za matajiri, na ya kuwa hekima hupatikana vitabuni tu. Lakini mtoto aliyelelewa katika nyumba ndogo, yenye mafiga matatu na mkeka mmoja, aweza kuwa na vyote viwili, kama anazijua habari za nyumba yake.

Katika Agano la Kale twasoma habari za Yoshua. Waisraeli walipokwisha kuvuka mto Yordani, Yoshua aliwaamuru watu kumi na wawili, mmoja wa kila kabila, wachukue mawe kumi na mawili kutoka katikati ya mto, naye akayasimamisha huko Gilgali. Mawe yale hayakuwa ya kujengea nyumba wala ngome. Yaliwekwa ili watoto wakiyaona siku za baadaye wawaulize baba zao maana yake, nao wasimuliwe jinsi watu walivyovuka. Angalieni jambo hili: jiwe lenyewe halisemi neno, mpaka mtoto aulize.

Nyumbani mwetu pia yamo mawe ya namna hiyo. Huenda ni kinu cha zamani, au jembe lililolika mpaka likabaki dogo, au desturi ambayo mama huifuata kila mwaka bila kueleza sababu yake.

Tutwae mfano wa Ugogo, nchi iliyo katikati ya Tanzania, ambako mvua ni chache na kiangazi ni kirefu. Wakati wa mvua mboga za majani huota kwa wingi, na mlenda ni mojawapo. Wanawake huzichuma; nyingine hupikwa mbichi, na nyingine huanikwa juani mpaka zikauke, zikawekwa akiba. Mtoto aweza kuchoka na kazi hiyo, akasema, "Bibi, mbona twaanika mboga, na huko nje zimejaa tele?"

Bibi mwenye kukumbuka atamjibu, "Keti, mjukuu wangu, nikwambie. Kazi hii nimefundishwa na mama yangu, naye alifundishwa na mama yake, aliyekuwa msichana wakati wa Mtunya."

Mtunya ni jina ambalo Wagogo waliipa njaa kuu iliyowapata kati ya mwaka 1917 na 1920. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imepigwa katika nchi yao, na majeshi ya pande zote mbili, ya Wajerumani na ya Waingereza, yalitwaa ng'ombe na nafaka. Wanaume wengi walichukuliwa kuwa wapagazi. Basi mvua zilipokosekana, ghala zilikuwa tupu, na mikono ya kulima ilikuwa michache. Watu wengi sana walikufa, na wengine waliziacha nyumba zao wakaenda kutafuta chakula.

Mtoto akiisha kusikia habari hiyo hupata mambo mawili. Kwanza hupata hekima. Sasa ajua kwa nini nyumba yao haili mboga zote siku ya shibe, na kwa nini baba hulima mtama na uwele, nafaka zinazostahimili ukame kuliko mahindi. Aliyeamriwa tu husahau upesi, bali aliyeelezwa sababu hukumbuka. Wahenga walisema: Akiba haiozi.

Pili hupata furaha. Je, habari ya njaa yawezaje kuleta furaha? Ni hivi. Jioni ile ile, ugali wa uwele ukiletwa pamoja na mlenda, mtoto haoni tena chakula cha kimaskini. Aona ya kuwa ndugu wote wamezunguka sahani moja, wala hapana aliyepungua. Chakula ni kile kile cha jana, lakini yeye amegeuka. Ajuaye yaliyowapata watu wa nyumba yake hushukuru kwa kidogo, na mwenye kushukuru hakosi furaha. Wala wazee hawakumbuki mambo ya huzuni tu. Mara bibi atacheka mpaka machozi yamtoke, akisimulia jinsi baba yako alivyomkimbia jogoo alipokuwa mdogo.

Lakini habari isiyoulizwa hupotea. Walioiona Mtunya kwa macho yao wamekwisha kufa, na mengi waliyoyajua yamezikwa pamoja nao.

Mtu mmoja wa pwani ya Kenya alilifahamu jambo hili. Jina lake lilikuwa James Mbotela. Baba yake alikuwa mmoja wa watumwa waliokombolewa, naye alikaa Freretown karibu na Mombasa, mahali palipoanzishwa na wamisionari mwaka 1875 kwa ajili ya watu kama hao. Mbotela aliyasikiliza masimulizi ya wazee, akayaandika kwa Kiswahili katika kitabu kiitwacho Uhuru wa Watumwa, kilichopigwa chapa mwaka 1934. Wazee wale wamepita zamani, lakini habari zao zingali zasomwa.

Nawe, mwanafunzi, fanya vivyo hivyo. Usimwendee babu au bibi kama askari amhojiye mshtakiwa. Mwamkie kwa adabu, umsaidie kazi yake, umenye mihogo au uchambue mchele pamoja naye. Kisha uulize jambo moja, ukae kimya. Akinyamaza kwa uchungu, usimlazimishe. Siku nyingine itakuja. Uliyoyasikia yaandike katika daftari, pamoja na jina la msimulizi na siku aliyokusimulia. Usingoje hata upate kuwa mtu mzima, kwa maana wazee hawatakungoja. Leo jioni, kuni zikiwashwa, tazama ni jiwe gani lililo nyumbani mwenu, ukaulize maana yake.

MASWALI

1. Yoshua aliyasimamisha mawe kumi na mawili kwa kusudi gani?
2. Taja mambo yaliyoleta njaa ya Mtunya.
3. Kwa nini mtoto wa Ugogo alikifurahia chakula kile kile cha jana?
4. Mwulize mzee wa nyumbani kwenu habari ya kitu kimoja cha zamani, ukaiandike kwa mistari kumi.