Somo: Ukungu katika Vichupa vya Kioo



Katika makanisa yetu mengi kuna vichupa viwili vya kioo vya kutumia mezani pa Bwana, kimoja cha divai, kimoja cha maji. Vikitumika miaka mingi, cha maji huingia ukungu mweupe, na mwenzake hubaki safi. Je, ni kwa nini?

Jibu ni chokaa. Maji ya visima vingi yana chokaa, nayo huganda kiooni maji yakaukapo. Divai ina asidi, na chokaa huyeyuka katika asidi.

Basi, kabla ya kutupa kichupa au kukisugua, kitie siki vuguvugu, ukiache usiku kucha. Asubuhi ongeza punje za mchele mbichi, tikisa, kisha suuza vizuri. Ukungu ukitoka, kioo chenyewe ni kizima.

Usipotoka, kioo kimeliwa. Kioo cha kawaida hutengenezwa kwa mchanga, magadi na chokaa. Maji yakikaa humo muda mrefu huyavuta yale magadi, na uso wa kioo hudhoofika na kuparuza. Hapo siki haisaidii. Sharti uso ule uondolewe. Mafundi hutumia unga laini uitwao siriamu oksaidi, ule ule wa kung'arishia lenzi za kioo, wakiuchanganya na maji uwe kama uji. Kwa nje husugua kwa sufu iliyoshindiliwa. Kwa ndani hutia unga huo pamoja na vipande vidogo vya shaba, na mashine huizungusha chupa kwa siku kadhaa. Ni kazi ya subira, wala si ya kila chupa. (Miwani ya plastiki msiisugue hivyo, tafadhali!)

Mimi nilijifunza kwa hasara. Nikiwa kijana, nilichukua chupa ya marehemu bibi yangu iliyokuwa na ukungu wa chokaa, nikatia mchanga na kutikisa kwa nguvu zote. Sikujua kwamba mchanga ni mgumu kuliko kioo. Siki kidogo ingetosha. Mimi nikaacha mikwaruzo isiyofutika. Bibi akasema, "Ahsante, mjukuu wangu," akaijaza mafuta ya nazi. Ajabu, ikang'aa! Nilidhani nimesamehewa na kioo pia, kumbe mafuta yalikuwa yamejaza mikwaruzo. Kwa hiyo mkikagua kichupa chenu, kikagueni kikiwa kikavu kabisa.