Kamba ya waya ya kushushia pete za kisima

Vikundi vingi vya maji hushusha pete za zege kisimani kwa winchi ya mkono iliyofungwa kwenye miguu mitatu ya mabomba. Ni kreni ndogo, lakini hatari yake ni ileile ya kreni kubwa, kwa sababu chini ya mzigo mara nyingi yupo fundi.

Katika kisima kimoja nilichoshiriki kuchimba, kamba ilikatika pete ikiwa mita 2 tu chini ya mdomo. Fundi alikuwa ametoka kunywa maji. Kamba ile tulipewa bure na mwenye lori, na kwa nje ilionekana nzima. Tulipofumua pale ilipokatikia, tulikuta moyo wake mkavu na waya za ndani zimeliwa na kutu.

Anza na uzito
Pete yenye upana wa nje wa mita 1.2, wa ndani mita 1, na kimo cha nusu mita ina uzito wa kilo 415 hivi. Je, kamba inayokatika kwa kilo 500 inatosha? Hapana. Nguvu ya kukatika iwe angalau mara 5 ya mzigo, yaani zaidi ya kilo 2,000 kwa pete hii. Winchi ikiachia kidogo na kukamata ghafla, kamba huvutwa kwa nguvu kubwa kuliko uzito wa pete yenyewe. Mwombe muuzaji cheti kinachoonyesha nguvu ya kukatika. Kama hana, nenda duka jingine.

Aina ya kamba
Waya nyembamba husokotwa kuwa uzi, na nyuzi husokotwa kuzunguka moyo wa katani au wa chuma. Kamba ya 6x19 ina nyuzi 6, kila uzi waya 19. Ile ya 6x7 ina waya nene na chache. Ni ngumu kupinda, hivyo inafaa zaidi kwa kutegemeza nguzo. Kwa winchi yetu chagua 6x19. Ya milimita 8 ikiwa mpya, ya chuma cha kawaida cha kamba za kunyanyulia, hukatika kwa takribani tani 3 na nusu.

Hapa ndipo wengi hukosea: wananunua kamba nzuri, kisha wanaipitisha kwenye kapi dogo kama kikombe cha chai. Kamba inayopindwa sana hukatika waya moja moja. Upana wa kapi na wa ngoma ya winchi uwe angalau mara 18 ya unene wa kamba. Kwa milimita 8, tafuta kapi la sentimita 15.

Kufunga na kukagua
Usifunge fundo. Fundo hupunguza nguvu ya kamba kwa nusu hivi. Tengeneza kitanzi chenye chuma cha kukilinda ndani, ukibane kwa vibano 3 vya U. Upinde wa U ukae upande wa mkia mfupi, na tako la kibano likae upande wa kamba inayobeba mzigo. Kaza tena baada ya kunyanyua mara ya kwanza.

Kila asubuhi pitisha kitambaa juu ya kamba yote, ukiwa umevaa glovu. Kitambaa kikinasa, kuna waya iliyokatika. Ukihesabu waya 6 zilizokatika katika urefu wa mzunguko mmoja wa uzi, au 3 katika uzi mmoja, acha kuitumia. Fanya hivyo pia ikiwa imejikunja kama kigoe, imevimba au imekuwa nyembamba. Ikate vipande vifupi, la sivyo mtu ataiokota na kuifunga tena kwenye winchi.

Hata kamba ikiwa mpya, fundi atoke shimoni kabla pete haijashushwa. Na kamba ya pete isitumike kumshushia mtu. Kamba ya kushushia mtu iwe ya peke yake, yenye nguvu mara 10 ya uzito wake, na winchi yake iwe na breki inayojishika yenyewe mkono ukiachiwa.