Anayeanza Harmonika Kitale na Bungoma: Nani wa Kukusikiliza?

Harmonika, au kinanda cha mdomo, humsifu mpigaji kabla hajajua lolote. Chukua ile ya kawaida yenye matundu kumi, ya ufunguo wa C, upulize tundu lolote, au hata matatu kwa mpigo. Utapata do, mi na so peke yake, sauti ambazo haziwezi kugombana. Gitaa halimkaribishi mgeni hivyo, na fidla ndiyo kabisa. Ukarimu huo ndio unaowachelewesha wengi. Mtu hupuliza mwezi mzima, nyumbani wanamwambia "unajua kweli", na wimbo wenyewe bado hautambuliki.

Kwa hiyo anayeanza ana mahitaji mawili yasiyofanana. Anahitaji moyo ili asiitupe ala kwenye droo, na anahitaji mtu wa kumwonyesha kosa liko wapi. Mama, mke au rafiki atakupa moyo. La pili inabidi ulitafute, na kama hujapata mwalimu wa harmonika karibu nawe usikate tamaa. Kati ya Kitale na Bungoma yapo masikio mazuri sana ya muziki. Mengi hayajawahi kushika harmonika, lakini yanasikia haraka kuliko wewe.

Anza na watoto. Chagua wimbo ambao kila mtoto wa mtaani anaujua, usiutaje jina, upige mara moja tu, kisha uulize: "Huu ni wimbo gani?" Wakiutaja hapo hapo, sauti zako zimefuatana sawasawa. Wakitazamana, kuna mahali umekosea, hata kama wewe mwenyewe ulikuwa unausikia vizuri kichwani. Mtu mzima anaweza kukubali kwa adabu tu, lakini mtoto wa miaka saba hana sababu ya kukudanganya. Rudia jaribio hili kila unapojifunza wimbo mpya, tena kwa watoto ambao hawajakusikia ukifanya mazoezi.

Baada ya hapo nenda kwa mwalimu wa kwaya. Makanisa ya eneo hili yamejaa watu walioimba kwa solfa tangu utotoni, na solfa ndiyo lugha inayoifaa harmonika kuliko zote. Kwenye harmonika ya C, ngazi kamili ya sauti inaanzia tundu la 4. Puliza 4 upate do, vuta 4 upate re. Puliza 5 ni mi, vuta 5 ni fa. Puliza 6 ni so, vuta 6 ni la. Ukifika tundu la 7 utaratibu unageuka: unavuta kwanza kupata ti, ndipo unapuliza kupata do ya juu. Hapo ndipo wanaoanza hujikwaa, kwa sababu pumzi imeshazoea kupuliza kwanza. Mwimbaji wa kwaya atasikia mara moja kwamba umeruka ti, hata kama hajui umeiruka kwa nini.

Ombi lako liwe dogo na lenye shabaha. Ukimuuliza "naendeleaje?" atajibu "vizuri", mtaagana, na hutakuwa umepata kitu. Sema hivi: "Mwalimu, naomba unisikilize dakika moja tu. Tundu la sita nikivuta, inafika kwenye la au inabaki chini?" Swali la namna hiyo lina jibu, na mwalimu atafurahi kulijibu kwa sababu ni kazi anayoifanya na sauti ya pili na ya tatu kila Jumamosi.

Kuna makosa mawili ambayo sikio la kwaya litakusaidia kuyatenga, maana wengi huyadhania ubovu wa ala. La kwanza ni tundu la 2. Ukilivuta linakoroma, linakataa, au linatoa sauti iliyozama. Kabla hujarudi dukani kugombana na muuzaji, puliza tundu la 3. Kwenye ala nzima, kupuliza 3 na kuvuta 2 ni sauti moja, so ya chini. Mwombe msikilizaji azilinganishe. Kama uliyovuta iko chini ya uliyopuliza, mara nyingi tatizo ni kwamba unavuta kwa nguvu kupita kiasi na mdomo umebana. Legeza taya, vuta kama unayepumua usingizini, na sauti itapanda yenyewe. La pili ni nyimbo zisizokamilika upande wa chini. Matundu matatu ya kwanza hayana fa wala la, isipokuwa kwa ufundi wa kukunja sauti ambao anayeanza hana bado. Ukiambiwa wimbo wako una mapengo, huenda umeuanzia chini tu. Uhamishie kwenye tundu la 4.

Jambo moja la kuzingatia ukialikwa kupiga pamoja na kwaya: ala yako ina ufunguo mmoja. Kama wimbo umeanzishwa kwenye G na wewe una ya C, mtagongana, na watu watadhani hujui. Mwambie mpiga kinanda mapema aupeleke kwenye C. Vinanda vingi vya umeme vina kitufe cha kuhamisha ufunguo, hivyo hutakuwa umemsumbua.

Sasa tuje kwa mafundi wa litungu, na hapa Bungoma ina utajiri ambao miji mingi haina. Litungu ya Wabukusu, ala ya nyuzi ambayo kwa kawaida huwa na nyuzi saba, hujenga wimbo kwa mzunguko mfupi unaorudiwa bila kukatika huku mwimbaji akisimulia juu yake. Mtu aliyeishi ndani ya mzunguko huo husikia mdundo ukiyumba kabla hata hujaumaliza mstari. Nao mdundo ndio udhaifu mkubwa wa anayeanza harmonika: anasimama kutafuta tundu, kisha anaharakisha kufidia. Mwalimu wa kwaya anaweza kukusamehe hilo. Mpiga litungu hatakusamehe, na itakufaa.

Mwendee kwa heshima, wakati hana kazi. "Mulembe, kuka. Naomba nipige mara moja, unionyeshe mapigo yanakatika wapi." Ukitaka mpige pamoja, kumbuka kwamba nyuzi zake hukazwa na kulegezwa, lakini vilimi vya shaba vilivyo ndani ya harmonika yako havibadiliki pale mlipoketi. Puliza do yako, umwachie yeye akaze nyuzi. Halafu usijaribu wimbo mzima. Shika sauti mbili tu, puliza na vuta tundu la 4, ufuate mzunguko wake mpaka asimame mwenyewe. Kama kuna watu karibu, tazama mabega yao. Hii ni nchi ya kamabeka, ngoma inayochezwa kwa mabega, na mabega yakianza kutikisika bila kuombwa umepata jibu lako.

Ila kuna mahali pa kwenda kusikiliza tu. Agosti ya miaka inayogawika kwa mbili ni msimu wa tohara ya Wabukusu, na nyimbo zake zina mahali pake na watu wake. Nenda ukialikwa, usikilize, ujifunze jinsi sauti ya mtu mmoja inavyoitikiwa na umati. Harmonika iache nyumbani.

Kitale nayo ina masikio ya aina nyingine, kwa kuwa ni mji wa watu waliotoka kila upande. Miongoni mwa wazee wa Kikuyu wapo waliokulia kwenye mwomboko, dansi iliyochezwa kwa akodioni na chuma cha duara cha kugonga. Akodioni na harmonika ni ndugu wa damu: zote hutoa sauti kwa vilimi vya chuma vinavyotikiswa na hewa. Mzee wa namna hiyo anajua sauti hiyo inavyopaswa kusikika inaposhikwa ndefu, na atakuambia kama yako inatetemeka kwa kukosa pumzi.

Kwa anayetaka kujua wataalamu husikiliza nini, lipo Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927 na linalopanda kutoka ngazi za chini hadi taifa. Bungoma hushindana katika eneo la Magharibi, na Trans Nzoia katika Bonde la Ufa. Si lazima uwe mshiriki. Kaa ukumbini na daftari, hasa kwenye vipengele vya ala, usubiri waamuzi wasimame kueleza walichokisikia kabla ya kutangaza matokeo. Andika wanachokisema kuhusu pumzi, mdundo na mwisho wa mstari. Maneno anayoambiwa mtoto wa shule ya msingi mwenye filimbi yatakuhusu wewe kwa sehemu kubwa.

Kati ya msikilizaji mmoja na mwingine, tumia simu. Iweke hatua mbili mbali nawe, si mdomoni, rekodi wimbo mmoja, na usiusikilize mpaka kesho yake. Unapopiga, akili imejaa shughuli ya matundu na pumzi, ndiyo maana huwezi kujihukumu papo hapo. Usifute rekodi za mwanzo. Siku utakayovunjika moyo, ile ya kwanza itakutia nguvu kuliko sifa za mtu yeyote, kwa sababu utasikia kwa masikio yako ulikotoka.

Maoni mengine yaache yapite. Anayesema "hiyo ni ya watoto" hajazungumzia upigaji wako. Gitaa nalo liliingia Magharibi mwa Kenya kama ala ya wageni, na vidole vya akina George Mukabi vikalifanya lizungumze Kiluhya kwa mtindo wa omutibo. Anayecheka bila kutaja kosa, mwache acheke. Anayetaja kosa moja, hata kwa ukali, mshukuru na umrudie.

Na msikilizaji akitaka kujaribu, usimpe yako mdomoni, kwa sababu za afya zilizo wazi. Usukutue kinywa kabla ya kupiga, hasa baada ya chai ya maziwa au mahindi ya kuchoma. Chembe moja ya hindi ikikwama kwenye kilimi, sauti hiyo hufa, na hakuna mwalimu wa kwaya atakayekueleza kwa nini.

Nawe uliyeombwa kusikiliza, usitoe jibu la kumalizia maongezi. Mtajie aliyekuomba jambo moja alilolipiga sawa na jambo moja la kwenda kurekebisha, kisha umwambie arudi wiki ijayo.