Si mvivu: misuli yake inaungua ndani



Pengine mnamjua mtu wa namna hii: kope zake zinaanguka kama za mwenye usingizi, akipanda ngazi miguu inamwaka, akipumzika nguvu hairudi upesi. Kapita anamwita mvivu. Majirani wanasema amelogwa. Inawezekana ni ugonjwa wa mitokondria.

Msuli umefanywa kwa chembe, na ndani ya chembe mna matanuru madogo mengi, ndiyo mitokondria. Chakula tunachokula na oksijeni tunayovuta vinakutana humo na kutoa nguvu. Ninyi wa tanuru la shaba mnajua kwamba hata tanuru zima linatupa cheche, kwa hiyo tunavaa kinga. Mwili nao una kinga zake. Lakini mitokondria ikiharibika, nguvu inapungua na cheche zinazidi. Cheche hizo ni oksijeni iliyogeuka kuwa kali. Zinachoma kuta za tanuru lenyewe, nalo linazidi kuharibika. Ukuta ukitoboka, inatoka proteini iitwayo sitokromu se, na hiyo inaiamuru chembe ijiue. Wataalamu walilitambua jambo hilo mwaka 1996. Uzi wa msuli, kwa kuwa ni mrefu na una viini vingi, mara nyingi hauanguki wote kwa mara moja. Unaharibika kipande kwa kipande, na mwenyewe anaona nguvu zake zinapungua mwaka kwa mwaka.

Mitokondria ina jeni zake 37, nazo tunazipata kwa mama tu. Mwaka 1988 waganga wa London waliona kwamba katika misuli ya wagonjwa wengine kipande cha urithi huo kimekatika. Sasa wako watu watakaokimbia kumlaumu mama. Waache! Kukatika huko mara nyingi kunaanza kwa mgonjwa mwenyewe, na wagonjwa wengine wamerithi kasoro kwa baba na mama wote wawili.

Mpelekeni kwa munganga. Kope kuanguka kunaweza kutoka kwa ugonjwa mwingine wenye dawa nzuri. Huu wa mitokondria hauna dawa ya kuuponya, lakini mazoezi mepesi, yaliyopimwa na munganga, yanasaidia. Kumlazimisha kubeba mizigo hakusaidii. Kama ana kifafa pia, semeni mapema: valproati inaweza kuua ini la wagonjwa wengine wa namna hii. Lakini anayeitumia tayari asiiache ghafula, aende kwanza kuuliza.