Baba Mrundi, mama Mnyaturu: mtoto ni wa wapi?

SWALI: Mume wangu ni Mrundi, mimi Mnyaturu wa hapa Mkiwa. Je, mwanetu ni raia? Na baba yake je?

JIBU: Dada, mtoto aliyezaliwa Mkiwa na mama Mtanzania ni raia wa kuzaliwa, miaka aliyokaa baba haihesabiwi. Angezaliwa Burundi, angekuwa raia kwa kurithi. Ila cheti cha kuzaliwa pekee hakithibitishi uraia, basi tunza nyaraka zako nawe.

Baba ndiye mwenye hesabu. Sheria ya Uraia ya 1995 inataka awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo, awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua 7. Ajue Kiswahili au Kiingereza. Aanzie Uhamiaji, Singida mjini.