Redio ya mtumba inasikia, lakini je, inatuma?

Wadau, wanaouza vifaa vya umeme vilivyotumika hili litawagusa. Mimi somo hili nimelilipia.

Mwaka jana nilinunua Kariakoo, upande wa Gerezani, redio ya mawasiliano Icom IC-718 kwa 450,000. Kwa asiyezijua, hizi ni redio za ridhaa: mtu anakaa kwake na antena ya waya anaongea na wenzake wa nchi za mbali, kwa kupenda tu, si kwa biashara. Muuzaji aliiweka mezani, akachomeka adapta ndogo, akazungusha kitufe, mtangazaji akasikika anaongea Kiarabu. Safi kabisa. Nikamwambia tubonyeze na maiki tuone kama inatuma. Akanijibu, "Kaka, hapa umeme mdogo. Ukifika nyumbani weka betri ya gari, utaipenda."

Ubaya wa jibu lile ni kwamba ni la kweli. Redio hii ikisikiliza tu inakula ampea moja na ushee. Ikituma kwa nguvu zote, wati 100, inaweza kufika ampea 20. Adapta ya ampea 3 haiwezi. Kwa hiyo nikamwamini, nikapiga picha, nikaposti kwa 680,000. Siku ya tatu mteja wa Morogoro akalipa, nikautuma mzigo kwa basi.

Baada ya siku mbili simu: "Kaka, inasikia vizuri sana, ila hakuna anayenisikia mimi." Mteja alikuwa mzoefu, ana leseni na alama yake ya kuitwa inayoanza na 5H, yaani Tanzania. Huyo huwezi kumwambia hajui kutumia. Nikamrudishia hela yake yote, na nauli ya mzigo kwenda na kurudi, 20,000, ikawa juu yangu.

Nikaipeleka kwa fundi mzee. Alipoifungua tu akasema, "Mwanangu, kusikia ni njia moja, kutuma ni njia nyingine. Hii njia ya pili imekufa." Transista mbili za mwisho, zile zinazosukuma mawimbi kwenye antena, zilikuwa zimeungua. Kinachoziua mara nyingi ni mtu kubonyeza maiki bila antena: nguvu inakosa pa kwenda, inarudi ndani. Zinabadilishwa zote mbili pamoja, na ukipata feki zinaungua tena siku hiyohiyo. Kazi na vipuri vilinitoka 190,000. Nikaja kuiuza 620,000. Piga hesabu mwenyewe: nilipoteza 40,000 na wiki tatu za kuhangaika.

Sasa nikienda kununua nabeba vitu vitatu: betri ya gari iliyojaa, mita ya wati, na mzigo bandia. Huo wa mwisho fundi alinitengenezea kwa rezista 20 za omu 1,000, za wati 2 kila moja, zimeunganishwa sambamba. Ukigawa 1,000 kwa 20 unapata omu 50, ndiyo redio inayoitaka. Zisiwe zile rezista za kusokotwa waya, hazifai kwa kazi hii. Unaufunga palipo na tundu la antena, unaweka redio kwenye AM, unashusha nguvu mpaka kama wati 20, unabonyeza maiki sekunde tano tu. Mshale ukipanda, njia ya kutuma inafanya kazi. Kisha panda kidogo kidogo, lakini usipite wati 40, maana rezista zako ndiyo mwisho wake hapo. Muuzaji akikataa kupima, mimi naiita redio mbovu, na bei naitaja ya redio mbovu. Wengine wanakubali palepale. Hapo ujue alikuwa anajua.

Angalia na waya wa umeme. Ukikuta fyuzi imetolewa pakaunganishwa kipande cha waya, kuna mtu aligeuza chanya na hasi, fyuzi ikakatika, akalazimisha. Volyumu inayokwaruza isikutishe, dawa ya kusafishia inatosha. Ila kuna Icom za zamani kama IC-751: ndani kuna betri ndogo inayotunza maelekezo ya redio yenyewe. Ukiichomoa kienyeji redio inapoteza akili. Usiguse, mwachie fundi anayeijua.

Kuhusu sheria, msipuuze. Tuna Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, na msimamizi ni TCRA. Kuuza vifaa hivi kuna leseni yake, kuvitengeneza kuna yake, na anayetuma lazima awe na yake. Mimi nilikuwa nauza kimyakimya mpaka yule mteja wa Morogoro aliponiuliza, "Wewe leseni unayo?" Nikabaki natazama simu. Ofisi zao ziko Mawasiliano Towers, barabara ya Sam Nujoma. Nenda uulize kabla hujaagiza mzigo. Na mteja akikwambia anataka redio ya ridhaa kwa walinzi wake au magari ya watalii, mwambie ukweli kwamba haziruhusiwi kwa biashara. Hela ya siku moja utaikosa, sawa.

Siku hizi posti yangu haina picha tupu. Naweka video: betri, mita, mshale unapanda, na namba ya nyuma ya redio inaonekana. Chini naandika kasoro zote, hata skrubu iliyopotea. Namtumia mteja video hiyohiyo kabla hajalipa, halafu mzigo ukifika namwomba apime ndani ya siku tatu, kwa antena au mzigo bandia, asibonyeze maiki kabla.